Umekaa vya Kutosha, Simama

Guka, babu yangu, aliweza kukueleza habari za mtu ambaye hajawahi kukutana naye, kwa kupapasa tu kiti chake. Alikuwa fundi wa kusuka viti vya henzerani, vile ambavyo kikalio chake ni wavu wa nyuzi nyembamba zenye vijishimo vya pande nane. Nilipoanza kumjua vizuri, macho yake yalikuwa yamekwisha. Presha ya macho ilimla jicho moja, halafu la pili, na yeye akaendelea na kazi kana kwamba kilichomtoka ni kofia.

Kibanda chake kilikuwa kando ya barabara ya Ngong, karibu na Adams Arcade, mabati manne juu na turubai nyuma. Kiti kikiletwa, kwanza alinawa mikono. Kisha alisimama nyuma ya kiti, akainama juu ya egemeo na kuweka viganja vyake kwenye kikalio, hivi kwamba mkono wake wa kulia ulikuwa upande wa kulia wa mwenye kukaa. Kila mara alianza hivyo. Alibonyeza polepole, mbele, katikati, pembeni, akitafuta mahali nyuzi zilipolegea.

"Huyu mguu wa kushoto unamuuma," angesema. Au, "Huyu hukaa akiwa amekunja miguu kama mtoto, na ni mtu mzima."

Mimi sikukubali. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, katikati ya jiji, nikisoma fizikia, na niliamini kwamba guka alikuwa akisikiliza wateja wakizungumza, halafu anawarudishia maneno yao. Kwa hivyo nilimletea kiti cha mama wa rafiki yangu wa Kilimani, mwanamke ambaye guka hakuwahi kumsikia. Nilikibeba mwenyewe mpaka kibandani, nikamwambia nimekiokota.

Alikipapasa kwa muda mrefu kuliko kawaida.

"Huyu hakai," alisema. "Anakaa hapa mbele tu, kwa ukingo. Huku nyuma ni kama kiti mpya. Huyu anangoja mtu."

Bwana wa mwanamke yule alikuwa amekwenda ng'ambo kutafuta kazi, na kwa miaka sita hakuwa amerudi. Kiti kilikaa sebuleni kikitazama mlango.

"Nyuzi za mbele zimechakaa, ndiyo," nilimwambia. "Lakini hiyo ya kungoja umeitoa wapi?"

"Wewe ukingoja mtu unakaa aje?"

Akacheka na kuniambia nimletee chai. "Bibi yangu mdogo," aliniita, kwa sababu nilipewa jina la shosho, na kwetu msichana mwenye jina la nyanya yake ni mke wa babu yake kwa mzaha wa kila siku. Shosho naye aliniita mwenzangu. Nilipokuwa mdogo nikimuudhi, alisema, "Mwenzangu, bwana wetu akirudi nitakusemea."

Jambo lingine nililolikuta kibandani halikuwa mzaha. Kila kiti kilipofika, guka aliuliza, "Mwenyewe yuko?" Wakimwambia yuko, kazi ilianza. Wakimwambia amekufa, alikitoa kiti nje, akakinyunyizia maji, akavua kofia. Alikipiga egemeo mara mbili kwa kiganja na kusema, kwa sauti ya kuzungumza na mtu aliye hapo, "Umekaa vya kutosha. Simama." Kisha alingoja. Sijui alikuwa akingoja nini. Halafu alikata uzi wa kwanza. Nyuzi kuukuu hakuzitupa wala kuzitumia tena, alizichoma.

Aliita kazi hiyo kumfungua mtu. Alisema kiti kisipofunguliwa, mwenyewe hubaki amekaa, na walio hai humzunguka nyumbani bila kujua wanachozunguka.

Siku hizo nyumba za zamani za Kilimani zilikuwa zikibomolewa ili magorofa yajengwe, na viti vilimiminika kibandani. Kijana mmoja alileta saba kwa gari, vya meza ya chakula ya marehemu babu yake. Guka alipovitoa nje kimoja kimoja na kuvua kofia, kijana alitazama saa.

"Mzee, hizo ni za kuuza tu."

"Basi utauza na huyu babu akiwa juu?"

Kijana akaniangalia mimi, nikatazama chini. Guka alivimwagia maji vyote saba. Akasema maneno yake kwa cha kwanza, kwa cha pili, na kuendelea. Kwenye cha tano, kabla hajagusa kisu, kikalio kililia, mlio mrefu wa kushuka kisha kupanda, kama kinavyolia kiti mtu mzito akijiinua. Kijana alirudi nyuma hatua mbili. Alilipa, na viti vyake alimtuma mtu mwingine kuvichukua.

"Umevimwagia maji," nilimwambia guka tulipobaki wawili. "Henzerani ikinywa maji hufura. Lazima ilie."

"Nilimwagia zote saba," alisema.

Nilimuuliza mara nyingi ni nani aliyemfundisha hayo. Siku moja tu alinijibu. Alisema alijifunza kusuka kizuizini, ujana wake, wakati wa kupigania uhuru, na mzee aliyewafundisha kusuka ndiye aliyewafundisha na maneno. Walisuka viti vya maofisa. Katika mabweni yao wenyewe walikuwa na vigoda walivyojitengenezea, na wapo waliotoka asubuhi kwenda kazini wasirudi. Vigoda vyao vilibaki, na hakuna aliyethubutu kuvikalia mpaka mzee yule alipovifungua. "Vilikuwa vingi," alisema guka.

Alipoachiliwa alipata kazi kwenye karakana ya viti nyuma ya barabara ya River Road, akisuka vya veranda za hoteli ambazo hakuruhusiwa kuingia kwa mlango wa mbele. Alitembea kwa miguu kutoka nyumbani Kabiria mpaka mjini na kurudi, miaka mingi. Alipooa, alijitengenezea viti viwili vya kwanza vilivyokuwa vyake, chake na cha shosho. Alitaka cha shosho kiwe kifupi kidogo, kama desturi ya wakati ule. Shosho alimwambia kama ni hivyo, basi aoe hicho kiti. Kwa hivyo viti vikawa vya kipimo kimoja, mbao moja, msuko mmoja, na miaka hamsini baadaye bado vilisimama bega kwa bega sebuleni Kabiria, cha guka upande wa dirisha, cha shosho kulia kwake. Alivisuka upya kila vilipochoka. Kilichovitofautisha ni vitambaa vya egemeo tu. Shosho alishona cha kahawia cha guka na cheupe chake.

Na kukaa. Guka aliumia nyonga ya kushoto uzeeni, akawa anaegemea kulia, kumwelekea shosho. Shosho, ambaye sikio lake la kushoto ndilo lililosikia vizuri, aliegemea kushoto, kumwelekea yeye. Ukiwaona kwa nyuma, walifanana na nguzo mbili za lango bovu.

Mwaka wangu wa mwisho chuoni, guka aliniita uani, mahali alipokuwa akiota jua.

"Nikienda, wewe ndiye utanifungua," alisema.

"Guka, mimi siamini hayo mambo."

"Nani amekuuliza kama unaamini? Unajua kukata nyuzi?"

"Najua."

"Unajua maneno?"

"Najua."

"Basi. Nisipofunguliwa shosho yako hatatoka kwa hii nyumba. Namjua. Atakaa na mimi mpaka akauke. Usingoje, sikia? Usifanye utafiti."

Niliahidi. Ni rahisi kuahidi jambo usiloliamini.

Alikufa mwezi uliofuata, saa kumi jioni, akiwa amekaa. Shosho alikuwa kando yake akimsimulia habari za kuku wa jirani waliovamia sukuma wiki, na aliendelea kumsimulia kwa muda ambao hajawahi kuniambia ulikuwa mrefu kiasi gani.

Baada ya mazishi sikukifungua kiti. Nilikuwa na mitihani, lakini hiyo haikuwa sababu. Sababu ni kwamba shosho alisimama mbele ya kiti kile nilipokitazama tu. "Mwenzangu, najua alichokuambia," alisema. "Mwache. Hajachoka kukaa." Binti yake, shangazi yangu, ambaye ni mwinjilisti wa kanisa lake, alikuwa upande wake kwa sababu nyingine kabisa. "Mambo ya kuongea na viti yapeleke huko chuo kwenu," aliniambia. Nami nikaona ni vyema. Kama kiti ni mbao na nyuzi, hakuna haja ya kukifungua. Nilijisifu kwamba nilikuwa namheshimu shosho.

Wiki ya pili nilikuja Kabiria kukaa naye Jumamosi. Shosho alimimina vikombe viwili vya chai, kimoja chake, kingine akakiweka kwenye meza ndogo mbele ya kiti cha guka. Tulizungumza. Kisha kiti cha guka kililia. Ulikuwa mlio mmoja wa polepole, upande wa kulia, mlio wa mtu anayehamisha uzito kutoka nyonga inayouma.

Shosho hakugeuka. "Kunywa hiyo ya guka yako," aliniambia. "Inapoa."

Niliinywa. Nilitazama simu yangu, ilikuwa saa kumi na dakika tatu.

Nilijua sababu. Alasiri jua huliacha bati la nyumba ile ghafla, kwa sababu ya gorofa la jirani. Bati hupoa, chumba hupoa, mbao hunywea. Nilinunua daftari dogo ili nithibitishe. Kila nilipokuja niliandika hali ya hewa na saa ya mlio. Siku ya jua, saa kumi kasoro dakika mbili. Siku ya jua, saa kumi na dakika tano. Niliridhika. Kisha mawingu yakaja, wiki nzima ya mawingu mazito ambayo bati halikupata joto lolote la kupoteza, na kiti kililia saa kumi na dakika moja. Niliandika hilo pia. Sikuandika maelezo yoyote kando yake.

Wakati huo shosho alikuwa akikauka. Hakwenda kanisani. Hakwenda kwa akina mama wa chama chake. Vidonge vyake vya presha viliisha, na kliniki ilikuwa mwendo wa dakika ishirini, asiende. Miguu yake ilifura mpaka viatu vikakataa. Shangazi alimbembeleza ahamie kwake Ngong.

"Na huyu?" shosho aliuliza, akionyesha kiti kwa midomo.

"Mama, hakuna mtu hapo."

"Wewe ulizaliwa ukibisha."

Nilikuwa nikiona kabisa yale guka aliyonionya. Sikuweza kusema kama kiti ndicho kilichomshika au ni majonzi tu, na niliona ni upuuzi kuchagua. Lakini miguu yake haikungoja nichague.

Mwezi wa tatu alianguka jikoni. Hakuumia, ila alishtuka kiasi cha kukubali kwenda kliniki, kwa sharti moja. "Mwenzangu, wewe baki," aliniambia akivaa ndara za shangazi. "Kaa na yeye. Usimwache peke yake." Akaondoka akiwa ameshikwa mkono, akiburuta miguu, akigeuka nyuma kila hatua chache mpaka lango likafungwa.

Hiyo ndiyo nafasi niliyoitumia.

Asubuhi ile shangazi alikuwa amepiga deki sebuleni na kuvitoa viti vyote uani. Viwili vile vilikuwa nyasini kando kwa kando, amevigeuza miguu juu ili kuku wasivichafue. Vitambaa vyote viwili vilikuwa vyeupe sasa. Cha kahawia kilipotea kwenye fujo la matanga. Nilisimama juu yavyo na kisu cha guka mkononi, nikatambua kwamba sijui kipi ni kipi.

Halafu nikacheka, kwa sababu nilijua jinsi ya kujua. Nilikuwa nimemtazama miaka mitatu. Nilipiga magoti upande wa egemeo, nikaweka viganja kwenye kikalio cha kwanza, kama alivyofanya, nikabonyeza. Nyuzi zilikuwa zimelegea upande wa mkono wangu wa kushoto. Nikaenda kwa cha pili. Zilikuwa zimelegea kulia, tena sana, karibu zikatike. Kulia. Nyonga mbovu ya kushoto, mwili kuegemea kulia. Nilimsikia chini ya vidole vyangu waziwazi.

Nilikisimamisha kiti hicho. Nilichungulia kwanza juu ya ua kama majirani wanaona. Nikakipiga egemeo mara mbili.

"Umekaa vya kutosha," nilisema, kwa sauti ambayo hata kuku hawakuisikia. "Simama."

Sikungoja kama yeye alivyongoja. Nilikata. Maji nilisahau kabisa, kwa hivyo nyuzi zilikatika kwa mlio mkavu, moja baada ya nyingine, na hakuna kingine kilichosikika. Kazi ilinichukua zaidi ya saa moja. Nilizichoma nyuzi kwenye jiko. Nilivirudisha viti ndani, fremu tupu upande wa dirisha, kile kingine kando yake, nikakaa kwenye kigoda cha jikoni nikijiandaa kwa maneno ya kumwambia shosho. Nilihisi nimetimiza jambo, na kwamba nyumba imekuwa nyepesi. Hilo nalikumbuka vizuri, kwa sababu ni mimi niliyekuwa nikiwacheka watu waliosema nyumba imekuwa nyepesi.

Saa kumi na dakika nne kiti kililia.

Fremu iliyokuwa dirishani ilikuwa shimo tu, haina cha kulia. Kilicholia ni kile kingine, kizima, kisicho na mtu. Mlio mmoja, polepole, upande wa kulia.

Niliinuka. Nilikwenda nyuma yake, nikainama juu ya egemeo, nikaweka viganja juu ya kikalio, kutoka juu, nikiwa nyuma ya mtu ambaye angekuwa amekaa. Nyuzi zilikuwa zimelegea kulia. Ndipo nilipoelewa. Uani nilikuwa nimevipapasa viti vikiwa miguu juu, nikavigusa kwa chini, na kitu kikipinduliwa kulia kwake huwa kushoto. Mtoto wa darasa la tatu angelijua. Guka hakuwahi kukosea hilo akiwa kipofu.

Nilikuwa nimekata kiti cha shosho. Nilikuwa nimesimama uani na kumwambia shosho, ambaye yu hai, ambaye muda huo alikuwa kliniki akiwa na presha ya kumwangusha, kwamba amekaa vya kutosha.

Nilimpigia shangazi. Sauti ya mwanamke wa mitambo ikaniambia mteja hapatikani. Nikapiga tena. Nilijieleza yote ninayoyajua, kwamba maneno ni hewa inayotikisika, kwamba uani na kliniki kuna nyumba mia tano kati yake, huku nikiwa tayari nakimbia barabarani bila kufunga lango, nikiwa na viatu viwili visivyolingana.

Nilikutana nao kwenye kona ya kinyozi. Shosho alikuwa mbele. Alikuwa akitembea peke yake, mikono nyuma, na shangazi ndiye aliyekuwa akihema akimfuata na mfuko wa dawa.

"Mbona unakimbia kama umeiba?" shosho aliniuliza.

"Uko sawa?"

"Niko sawa aje? Si unaniona."

Shangazi alinivuta kando. "Huyu mama ataniua," alisema. "Tumefika, nikampatia benchi, akakaa vizuri. Tukiwa kwa laini, akasimama. Nikamwambia, mama kaa, unajua ulianguka. Akakataa. Ati hasikii kukaa. Amesimama hapo mpaka tukaonwa na daktari."

"Saa ngapi?"

"Saa ngapi nini?"

"Alisimama saa ngapi?"

"Nitajuaje? Kwani mimi ni askari wa saa?"

Na mimi, mwenye daftari la miezi miwili, sikuwa nimetazama saa niliposema maneno yale. Nimejaribu kuikadiria mara nyingi tangu siku hiyo. Kila ninapokadiria napata jibu tofauti.

Shosho aliingia sebuleni kabla yangu. Aliiona fremu. Aliikaribia, akapitisha mkono kwenye shimo, akautoa upande wa pili, akautazama kana kwamba ni mkono wa mtu mwingine.

"Hiki ni changu," alisema.

"Shosho, nilikosea. Nilidhani ni cha guka."

"Ulisema yale maneno?"

"Nilisema."

"Nyuzi ziko wapi?"

"Nimechoma."

Shangazi alianza kuomba kwa sauti. Shosho alimwinulia kidole anyamaze. Nilingoja anifukuze, au alie, au aanguke. Nilimtazama kifua kama kinapanda na kushuka. Alinitazama naye kwa muda mrefu, na sitaki kusema nilichokiona usoni pake, kwa sababu sikukielewa. Hakikuwa hasira.

"Mwenzangu," alisema mwishowe, "sasa nitakaa wapi?"

Shangazi alikimbia kuleta kiti cha plastiki kutoka jikoni. Shosho hakukitazama. Alizunguka fremu, akasimama mbele ya kiti cha guka, kiti ambacho kwa miezi mitatu hakumruhusu hata mtu kuning'iniza koti juu yake. Alikiangalia kama unavyomwangalia mtu aliyejitandaza kwenye benchi la kanisa.

"Sogea," alisema.

Akangoja. Alingoja muda uleule guka aliokuwa akingoja kibandani, sijui aliujuaje. Kisha akageuka, akashika mikono ya kiti, akakaa. Kiti kililia chini yake kama kiti chochote. Alijiweka upande wa kushoto, ambao nyuzi zake zilikuwa bado ngumu, na upande wa kulia akauacha wazi.

Wiki iliyofuata alikwenda kanisani. Baada ya hapo chama, kliniki, sokoni Kawangware kwa miguu, matanga ya watu asiowajua. Shangazi anasema ni dawa, na yaelekea ni dawa, kwa maana miguu ilipungua na presha ikashuka. Lakini hakai. Nyumbani kwa watu husimama mlangoni akizungumza mpaka wenyeji wanachoka. Hukaa mahali pamoja tu, kwenye kiti kile, jioni, na chai anamimina kikombe kimoja. Nilimwambia nitakisuka upya kile cha kwake, mkono wangu si mbaya. Alikataa. Fremu ameipachika nyuma ya nyumba, maharagwe yanaipanda.

"Na guka?" nilimuuliza mwaka jana. "Niliahidi kumfungua."

"Tutafunguliwa pamoja," alisema. "Mara moja, tusikichoshe kisu. Lakini si wewe utafungua, mwenzangu. Mikono yako ni ya kupindua vitu."

Alicheka mpaka akakohoa. Mimi pia nilicheka, kidogo.

Ninapokuja huwa nakipapasa kiti, kutoka juu. Upande wa kushoto umeanza kulegea. Upande wa kulia, ambao hakuna anayeukalia, haujakaza, wala nisingetegemea ukaze. Nyuzi zikilegea hazirudi. Lakini zinapaswa kubaki zilivyokuwa, na vidole vyangu vinaniambia zimeendelea kushuka. Daftari nililiacha. Vidole si kipimo.

Jumapili iliyopita nilifika shosho akiwa mazoezini na kwaya. Nilipika chai, nikaosha vyombo, nikasoma gazeti kuukuu lililokuwa mezani. Halafu nikatazama simu yangu, ilikuwa saa kumi kasoro dakika sita, na kwa mara ya kwanza kwa miezi mingi kiti kilikuwa kitupu saa hiyo na mimi nilikuwa nacho peke yangu. Lilikuwa jaribio rahisi kuliko yote. Lilihitaji tu nikae kigodani na kunyamaza dakika kumi.

Nilitoka nje. Nilivuta mlango nyuma yangu, nikaenda mpaka langoni, nikasimama barabarani nikitazama watu wakitoka ibada ya mchana, mpaka saa kumi na robo.